Kasha Tupu la Pili

Bweni la wafanyakazi, chumba cha mwisho
14 Januari

Kwa dada yangu Kifungo,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Mpe mama pole ya goti na umwambie mwanawe ni mzima, anakula, na meno yote yapo. Wewe nakusalimu peke yako, na cherehani yako naisalimu pia, maana najua mnashinda pamoja kuliko unavyoshinda na watu.

Mimi huku kazi ni ileile ya vioo. Kiwanda chetu kinatengeneza vioo vya kujitazamia, vile vikubwa vya kubandikwa kwenye kuta za maduka na saluni. Kazi yangu ni kubeba. Kioo kimoja tunabeba wawili, mimi mbele, nyuma yangu jamaa tunayemwita Twiga kwa ajili ya shingo. Sheria ya kubeba ni moja tu: hamnyamazi. Wa mbele akisema "kona," wa nyuma anajibu "kona." Akisema "chini," anajibiwa "chini." Mwenzako asipojibu, husogei wala huteremshi, unasimama palepale na kioo mikononi mpaka ulimi wake urudi. Kwa hiyo ukumbi mzima tunapiga kelele kutwa kama kasuku. Na ubaya wa kazi hii ni kwamba unajiona siku nzima. Mbeba saruji akichoka hajui sura yake ilivyo. Mimi najua. Asubuhi ninafanana na marehemu baba, jioni ninafanana na marehemu babu.

Sasa kaa chini. Filamu ya Kasha Tupu imetoka sehemu ya pili.

Ndiyo, ileile. Mikono yuleyule na koti lake la zambarau, na Manyoya yuleyule, dada yake, na manyoya yake kichwani. Niliona bango ukutani pale stendi nikasimama kulitazama mpaka basi likaniacha. Unakumbuka ya kwanza tulivyoiangalia mpaka kanda ikaanza kukwaruza, mimi na wewe sakafuni, mama akisema tutaingia ndani ya televisheni? Kaka anasukuma kasha jukwaani, dada anaingia, linafungwa, likifunguliwa dada hayupo, mara huyo anatokea nyuma ya watazamaji anakula tufaha. Na ule mwisho! Wanaingia wote wawili kasha moja, polisi wanalivunja, hamna mtu, wanasikia kicheko tu. Mpaka leo nikikikumbuka kile kicheko mwili unanisisimka.

Basi Jumapili nikavaa shati la heshima nikaenda. Maoni yangu, kama shabiki wa kweli, ni haya: wameiharibu.

Kuna mahali Mikono anabeba kioo kirefu kuliko yeye kwa mkono mmoja, huku anatabasamu. Mkono mmoja! Nilicheka mpaka watu wakageuka. Ningemwomba aje kwetu zamu moja tu, nione hilo tabasamu linavyomtoka. Lakini hilo nimelisamehe, sinema ni sinema.

Nisilolisamehe ni la Manyoya. Sehemu ya pili anatokea mtu wa mazingaombwe mwingine, anavaa kinyago cha fedha, mimi namwita Kinyago. Huyo anamlaghai Manyoya, sijui amemnywesha nini. Mara tatu Manyoya anamfuata kaka yake nyuma ya pazia, anazungumza naye huku machozi yanamlengalenga, ni wazi anaomba aokolewe, na mara tatu Mikono anachanganya karata zake kama hasikii. Onyesho la mwisho anafungua kasha, tupu. Tupu kweli. Dada hatokei nyuma, hatokei juu, hatokei popote. Ameshakwenda na Kinyago. Mikono anainamisha kichwa kwa aibu, na watu wanapiga makofi! Makofi ya nini? Dada wa watu ameibwa!

Sikuambii zaidi nisije nikakuharibia utamu. Ikifika huko usiikose.

Ni mimi kaka yako, nimechoka lakini bado nasimama.


Nyumbani
2 Machi

Shikamoo kaka,

Barua yako imefika gundi imeachia upande mmoja, nadhani hata huko njiani walitaka kujua mwisho wa filamu. Sisi wazima. Goti la mama limekuwa mtabiri wa hali ya hewa, majirani wanamuuliza kabla ya kuanika nguo. Msimu wa sare za shule umekwisha. Nimeshona kola mpaka nikiongea na mtu macho yanakwenda shingoni kumpima.

Halafu kaka, eti "sikuambii zaidi." Umebakiza nini? Umenipa mwanzo, katikati, mwisho na makofi. Nilitaka kuichana barua, mama akaninyang'anya akasema nimsomee tena pale pa kioo. Amecheka. Halafu akasema huyo Mikono anaonekana anakula vizuri.

Sasa jambo lenyewe.

Friji ya mama iliharibika mwaka jana, mvua za mwisho. Akaja fundi, kijana mpole, bisibisi zake kazipanga ndani ya mkoba kama dawa za hospitali. Akaitengeneza. Ikazima. Akaja tena, akaitengeneza, ikazima. Mara ya tatu mama akasimama mlangoni na fimbo yake, akamwambia, "Baba, ama friji hii ni mbovu, ama wewe ndiye mbovu, ama kuna jambo la tatu."

Kijana akaangusha bisibisi. Akasema, "Mama, kuna jambo la tatu."

Jambo la tatu ni mimi.

Nampenda, kaka. Naandika hivi wazi kwa kuwa uko mbali, ungekuwa mbele yangu nisingethubutu. Wazee wake walikuja, wakakaa sebuleni, wakasema kilichowaleta. Mama akawaambia, baba wa nyumba hii hayupo, mkubwa ni kaka wa binti, jibu litatoka kwake na liwe kwa mwandiko wake. Wakasema hewala, watangoja.

Lipo moja lazima ulijue. Fundi Friji amepata kazi ya kudumu kwenye kiwanda cha barafu, mji mwingine. Basi linaondoka huku asubuhi linafika huko giza limeingia. Nikiolewa, ni huko nitakwenda. Mama nimemuuliza atabakije, akaniambia yeye si friji, hazimi. Mama mdogo naye amesema atahamia kwetu, wakae wawili wagombane kama walivyogombana utotoni.

Sitaki maneno mengi. Ndiyo yako au hapana yako, fupi inatosha.

Dada yako,
Kifungo


Bweni
20 Aprili

Marahaba, Kifungo.

Barua yako nimeipata na kuisoma, na goti la mama limenichekesha. Mwambie asianze kutoza majirani. Huku joto limekuja kwa nguvu. Ukumbini hakuna dirisha linalofunguka kwa sababu ya vumbi, vumbi moja likiingia kwenye dawa ya fedha inayopakwa mgongoni mwa kioo, kioo kizima kinatupwa. Kwa hiyo kioo kinalindwa kuliko sisi. Tumeletewa msimamizi mpya, anatembea na filimbi. Akiipiga hatujui kama ni mapumziko au ni hatari, basi tunasimama wote na vioo tunamtazama, na yeye anajitazama kwenye vioo, anapandisha suruali.

Habari ya fundi nimeisoma. Friji za siku hizi ni ngumu. Zina mambo mengi ndani.

Nilirudi kuiangalia Kasha Tupu mara ya pili, nisije nikawa nimeionea. Sikuionea. Safari hii nimeona kwamba Kinyago anavua kinyago chake, na unajua ni nani? Mzee! Mvi tupu! Hana hata haya. Mtu wa umri ule anamtoa msichana wa watu kwao, kwenye kazi yake, kwenye kasha alilolizoea. Na Mikono aliyekuwa mjanja wa wajanja katika ile ya kwanza, aliyemtoa bwana mmoja njiwa kinywani, leo anaduwaa. Hao waliotunga sehemu ya pili hawakuiangalia ya kwanza, nakwambia. Kasha Tupu ni kaka na dada. Ukimtoa dada, kinachobaki ni sanduku.

Nilivyorudi bwenini nikawasimulia wenzangu. Mpishi wetu, ambaye hajaiona, akasema hata yeye angemkimbia Mikono.

Nikamwambia, "Wewe unajua nini? Yule ni dada yake."

"Ndiyo maana," akasema. "Kutwa karata, kutwa karata. Dada anaongea, yeye karata."

"Alikuwa anafikiri!"

"Basi angefikiri kwa sauti."

Nikamwambia akoroge chungu chake. Tangu siku hiyo ananipakulia kidogo.

Nimechoka leo, nitaandika zaidi siku nyingine. Salamu kwa mama, salamu kwa mama mdogo, salamu kwa cherehani.

Kaka yako


Nyumbani
8 Juni

Shikamoo kaka,

Mama hajambo. Mama mdogo ameshaleta godoro lake na nusu ya vyombo vyake, na ugomvi umeanza vizuri kabisa: jana hawakusemezana kutwa nzima kwa ajili ya pazia. Mimi nikimzima mmoja, mwingine anawaka.

Kasha Tupu imekuja. Imekaa wiki moja pale sinema ya mjini, imewekewa maandishi ya lugha yetu chini ya picha. Tulikwenda watatu, mimi, mama na Fundi Friji. Mama alikaa katikati kama ukuta, na mkoba wake akauweka kwenye mapaja ya Fundi ili mikono ya kijana iwe na shughuli.

Kaka, wewe uliangalia filamu gani?

Yule mzee hajamlaghai mtu. Anastaafu. Hana mtoto, anatafuta wa kumwachia jukwaa lake, amemwona Manyoya anafanya mazingaombwe ya vijiko jikoni kwao wakati hakuna anayemtazama, akajua kwamba mwenye kipaji katika familia ile ndiye anayewekwa ndani ya kasha. Na Manyoya haombi kuokolewa! Pale nyuma ya pazia mara ya kwanza anasema, "Kaka, nimekaa ndani ya kasha tangu utotoni, sasa nataka kusimama nje yake." Mara ya pili anasema, "Ukisema nibaki nitabaki, ukisema niende nitakwenda, ila sema." Mara ya tatu anasema, "Hata hapana ni neno, kaka."

Na Mikono anachanganya karata.

Hapo mama akashindwa kujizuia, akapaza sauti ukumbi mzima ukasikia: "Mjibu mwenzako, we mwanaume!" Watu wakacheka, mmoja huko nyuma akasema, "Mwambie, mama!" Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejifunika uso kwa kanga ya mama.

Nimezisoma tena barua zako. Katika zote mbili hujaandika hata neno moja linalosemwa na mtu ndani ya filamu. Wewe, uliyekuwa unaijua ile ya kwanza kwa moyo, unamtangulia Mikono kuongea mpaka tunakupiga mito. Nikajiuliza kama huko wanaweka maandishi yoyote. Sikuulizi. Najua umeelewa ninachosema.

Na mimi barua yangu umeisoma hivyohivyo, kaka. Umeangalia picha tu.

Wazee wa Fundi wanarudi Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Kiwanda cha barafu hakiwezi kumngoja zaidi ya hapo, na yeye hataki kwenda bila kujua anakwenda kama nani. Hawatakuja mara nyingine. Si kwa ubaya, lakini watu wakibisha mlango mara mbili bila kuitikiwa wanaondoka.

Uliniandikia kwamba mwenzako asipojibu, husogei wala huteremshi. Basi mimi nimesimama na kioo mikononi tangu Machi. Sema "chini" au sema "kona," lolote.

Kifungo


Bweni
17 Julai

Kifungo,

Leo sianzi na salamu. Salamu ziko mwishoni, nisije nikaingia ndani yake nikajificha.

Filamu ya kwanza tuliielewa kwa sababu ilikuwa na maandishi. Hii ya huku haina. Lugha ya huku mimi najua maneno ya kubebea vioo tu, na "habari za asubuhi," na "nipunguzie." Nilikaa pale ukumbini mara mbili nikawatazama watu midomo inafunguka, nikajitungia mwenyewe. Nikaona dada analia, nikasema anaibwa. Nilivyopata barua yako nikakasirika siku mbili, ya tatu nikamwambia Twiga tuende wote. Twiga amekaa huku mpaka anaota kwa lugha yao.

Tukakaa. Kila mtu akifungua mdomo kwenye picha, Twiga ananong'ona sikioni kwangu. Sasa Twiga mnong'ono wake ni ule wa kiwandani, wa mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya mashine. Mama mmoja wa mbele akageuka, akatukaripia. Twiga akamwomba radhi kwa lugha yao, akamweleza jambo refu, yule mama akanitazama kwa huruma, akasema kitu. Nikauliza, "Amesema nini?" Twiga akasema, "Amesema niongeze sauti kidogo, na yeye hasikii vizuri."

Kwa hiyo nimeisikia. Ulivyosema ndivyo. Na mwisho nao niliukosea. Unakumbuka nilikuambia Mikono anainamisha kichwa kwa aibu? Pale kiti cha mbele kuna mwanamke wa kofia pana, mgongo wake tu ndio unaonekana. Mimi nilidhani ni mtazamaji kama watazamaji. Kumbe ni Manyoya, amekuja kumwona kaka yake kabla hajaondoka. Mikono anafungua kasha, liko tupu, anamtazama, anasema maneno machache. Nikamuuliza Twiga amesema nini. Twiga akakaa kimya kidogo, nikamkumbusha sheria ya kazi. Akasema, "Amemwambia, 'Nenda. Nitalisukuma mwenyewe.'" Ndipo anamwinamia. Wale watu walikuwa wanapigia makofi hilo.

Basi nabadilisha maoni yangu kama shabiki. Sehemu ya pili ni nzuri. Inazidi ya kwanza, ingawa kicheko hakimo. Kioo cha mkono mmoja bado ni upuuzi.

Sasa la kwako. Sikunyamaza kwa kuwa simpendi huyo kijana. Simjui nimpende wala nimchukie, ingawa mtu anayetengeneza friji moja mara tatu ama hajui kazi yake ama anaijua mno. Lakini mama kamkubali, na mama hajawahi kumkubali hata daktari. Nilinyamaza kwa sababu nikiwa nabeba, kioo kiko mbele ya macho yangu kutwa, nimechoka kuiangalia sura yangu, naangalia nyumbani. Nawaona mlivyokuwa siku niliyoondoka: mama kwenye kiti chake, wewe kwenye cherehani na pini mdomoni, unaniaga kwa nyusi. Hiyo picha ndiyo inayonitoa kitandani. Nikaona nikisema ndiyo, nitarudi na wewe hupo pale, na cherehani imefunikwa kitambaa. Nikadhani nisipojibu mtabaki hivyohivyo, wala hamtasogea, mnaningoja mimi. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nilikuwa nakuweka ndani ya kasha ili nijue ulipo.

Jibu langu ni ndiyo. Mwandiko ni wangu, wazee wanaweza kuulinganisha na wa barua nyingine. Aje akuchukue kwa heshima, na akujibu ukimuuliza.

Salamu kwa mama na mama mdogo. Lile pazia waligawane.

Kaka yako


Nyumbani
1 Septemba

Shikamoo kaka, shikamoo tena,

Barua yako ilifika Jumamosi yenyewe. Wazee wameshakaa sebuleni, wanaume watatu, baba yake Fundi, kaka wa baba yake, na mjomba wake mwenye nywele nyeupe anayesikia kwa sikio moja. Chai imeshamiminwa. Mama ameshaanza kusema, "Mwanangu yuko mbali, pengine posta..." na sauti yake haikuwa ya mama ninayemjua. Fundi alikuwa nje anazunguka mti wa jirani. Ndipo mtu wa posta akabisha.

Mama akaipokea, akanipa, akasema, "Soma kwa sauti, tusikie wote."

Nikaifungua nikaona mwanzo wake. Nikasema, "Mama, hebu kwanza niipitie." Baba yake Fundi akasema, "Mwanangu, tumengoja tangu Machi. Soma kama ilivyo."

Kwa hiyo, kaka, nimewasomea filamu. Wazee watatu wa watu, wamevaa makoti yao ya heshima, wamekuja kusikia jibu la posa, wanasikia habari za Twiga na mama asiyesikia vizuri. Chai ikapoa. Hakuna aliyethubutu kunywa. Nikijaribu kuruka mstari, mama mdogo anachungulia begani kwangu anasema, "Umeruka." Mjomba mwenye nywele nyeupe akauliza, "Huyu Mikono ni wa ukoo gani?" Wakamweleza kwamba ni mtu wa kwenye picha. Akasema, "Aa, endelea."

Nilipofika kwenye mwanamke wa kofia pana wakawa wote wamesogea mbele kwenye viti. Nikasoma, "Nenda. Nitalisukuma mwenyewe." Baba yake Fundi akatoa leso. Mjomba akasema kwa sauti ya mtu aliyepoteza kitu, "Sasa alikwenda au hakwenda?"

"Alikwenda, mjomba."

"Ni vizuri," akasema. "Na sisi je?"

Nikasoma pale pa mtu anayetengeneza friji moja mara tatu. Kaka, nilitaka sakafu inimeze. Halafu baba mtu akapasuka kicheko, akamwita mwanawe pale nje, "Wewe! Njoo usikie unavyosemwa na shemeji yako!" Fundi akaja akasimama mlangoni, jasho linamtiririka, hajui kama amekubaliwa au amefukuzwa, na hakuna aliyemwambia.

Halafu nikafika pale pa cherehani na pini mdomoni, nikaishusha karatasi mapajani. Mama akanyoosha mkono achukue karatasi, akaitazama, akanirudishia, akasema hana miwani, na miwani ilikuwa machoni pake. Aliyemalizia kusoma ni kaka wa baba yake Fundi, polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye "ndiyo" akairudia mara mbili ili mjomba asikie. Mama mdogo akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna moto. Mjomba akaomba arudiwe pale pa kasha.

Fundi anakusalimu. Amesema niandike hivi, maneno yake mwenyewe: friji mara ya kwanza aliitengeneza vizuri kabisa, zile mara mbili za baadaye ilizima kwa sababu alichomoa waya mwenyewe. Mama amesikia. Amesema ya tatu aliijua, ya pili hakuijua.

Cherehani nakwenda nayo, kwa hiyo hutaikuta imefunikwa. Ukirudi utakuta pale pamewekwa kiti. Mama amesema ni chako, mama mdogo anasema ni chake, wamalizane wao.

Kiwanda cha barafu kimekubali Fundi atangulie peke yake, sherehe ifuate. Wazee wameiacha siku wazi, wanasema mwenye mwandiko ndiye ataisema, na wao watangoja likizo yako. Andika siku utakayofika. Watakuja kusikiliza tena, na mjomba ameahidi kuja na mkewe. Kwa hiyo nakuomba, kaka yangu, safari hii anza na jibu.

Dada yako,
Kifungo